Koriko, Mji Usiopitiwa na Vita



Mji ninaouzungumzia leo haumo katika ramani yoyote. Unaitwa Koriko. Uko kando ya bahari, umepanda kilima, mapaa yake ni ya vigae vyekundu, mitaa yake imetandikwa mawe, na katikati umesimama mnara wa saa. Ulichorwa kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, na wachoraji wa studio ya Ghibli ya Tokyo, kwa ajili ya filamu ya katuni iliyoanza kuonyeshwa Japani mwezi Julai 1989. Filamu hiyo inajulikana duniani kwa jina la Kiki's Delivery Service, na mwongozaji wake ni Hayao Miyazaki.

Kisa chenyewe ni chepesi. Kiki ni binti wa miaka 13, mtoto wa mchawi. Hapa naomba tusiwawaze wachawi wa ungo wanaozurura makaburini usiku wa manane. Mama yake Kiki kazi yake ni kuchemsha dawa na kuwapa majirani, na watu wanamheshimu. Mila yao inamtaka binti akifika umri huo aage nyumbani, atafute mji usio na mchawi, akae huko mwaka mzima kwa jasho lake mwenyewe. Kiki anapanda ufagio wake, anamchukua paka wake mweusi Jiji pamoja na redio ya baba yake, anaondoka usiku wa mbalamwezi. Kesho yake anaiona Koriko. Mke wa mwokaji mikate, Osono, mwanamke mjamzito mwenye moyo mkunjufu, anampa chumba cha darini, naye anaanza kazi ya kupelekea watu mizigo yao kwa njia ya angani.

Filamu imetokana na kitabu cha Eiko Kadono kilichotoka mwaka 1985. Kadono alipata wazo hilo kwa kutazama picha aliyoichora bintiye: mchawi mdogo juu ya ufagio, na redio inaning'inia. Kitabuni mwandishi akisema "mji wa pwani", msomaji hujijengea mji wake kichwani. Mchora katuni hana ruhusa hiyo. Kila dirisha lazima mtu alichore, aamue fremu yake ni ya mbao au ya chuma, aamue ua gani limewekwa kizingitini na ukuta umebanduka rangi wapi. Kwa hiyo katika filamu ya katuni hakuna nyumba iliyopo kwa bahati tu. Iliyopo imechaguliwa, na ndiyo maana inafaa tuulize imetoka wapi.

Miyazaki mwenyewe alieleza kwamba Koriko iko katika Ulaya ya miaka ya 1950 ambayo Vita vya Pili vya Dunia havikutokea. Sentensi hiyo hunukuliwa mara nyingi kama kijimaelezo cha pembeni, halafu watu huendelea na habari za paka. Mimi naiona ndiyo msingi wa mji mzima. Koriko imejengwa kwa mawe ya miji iliyosalimika, na aliyeijenga ni mtu aliyeuona mji wake ukiungua.

Miyazaki alizaliwa Tokyo mwezi Januari 1941. Baba yake alikuwa kiongozi katika kiwanda cha familia kilichotengeneza vipuri vya ndege za kivita, zikiwemo zile maarufu za Zero. Vita vilipokaribia Tokyo familia ilihamia Utsunomiya, kaskazini ya jiji hilo. Vita vikawafuata huko huko. Usiku wa tarehe 12 Julai 1945 ndege za Marekani aina ya B-29 ziliumwagia Utsunomiya mabomu ya moto. Mtoto alikuwa na miaka minne na nusu. Amesimulia hadharani jinsi familia yake ilivyokimbia kwa lori dogo, na jinsi jirani aliyebeba mtoto alivyowaomba nafasi, na lori likaondoka bila yeye. Miezi minne kabla ya hapo, usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi, Tokyo ilikuwa imepoteza watu wapatao 100,000 katika moto wa usiku mmoja. Miji zaidi ya 60 ya Japani iliteketezwa kwa namna hiyo, mbali na Hiroshima na Nagasaki.

Mtoto wa namna hiyo akikua, akapewa penseli na kuambiwa achore mji mzuri wa kuishi, atachora nini?

Tuanze na kile ambacho Koriko haina. Tembea katika Rotterdam, Warsaw, London au Lübeck ya mwaka 1955, utakuta mapengo. Nyumba tatu zimesimama, ya nne ni kiwanja chenye majani na kipande cha ukuta ambacho bado kina karatasi ya maua ya chumba cha kulala. Utakuta mwanamume wa makamo mwenye mguu mmoja. Koriko haina pengo hata moja. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, kuukuu kwa kuukuu. Magari ni ya umbo la zamani, televisheni ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na wanawake wazee wamezeeka katika nyumba walizoolewa.

Halafu kuna ile meli ya anga, puto refu la gesi lenye injini, ambalo mji wote unatoka nje kulitazama na ambalo mwishoni linapeperushwa na upepo na kugonga mnara wa saa. Watazamaji wengi huliona kama pambo la kusisimua. Lakini hebu tukumbuke mwisho wa vyombo hivyo katika dunia yetu. Hindenburg iliungua huko Lakehurst, Marekani, Mei 1937, ikaua watu 36. Ujerumani ilibaki na meli mbili kubwa za aina hiyo, na mwaka 1940 zikakatwakatwa kwa amri ya serikali ya Hitler ili alumini yake itumike katika ndege za kivita. Meli ya anga inayoelea juu ya Koriko katika miaka ya 1950 inatuambia, bila mtu kusema neno, kwamba katika dunia hii hakuna aliyeihitaji alumini hiyo kwa mabomu. Mtoto wa mwenye kiwanda cha vipuri vya ndege alijua vizuri alumini ilikwenda wapi.

Sasa tuingie katika miji halisi.

Miyazaki alifika Uswidi kwa mara ya kwanza mwaka 1971, akiwa na umri wa miaka 30, na wala hakwenda kwa ajili ya Kiki. Yeye na wenzake Isao Takahata na Yoichi Kotabe walikuwa wameiacha studio ya Toei ili watengeneze katuni ya Pippi, msichana mwenye nguvu za ajabu aliyebuniwa na mwandishi Astrid Lindgren. Miyazaki alisafiri na Yutaka Fujioka, mkuu wa kampuni ya Tokyo Movie, kwenda kuomba idhini. Idhini haikupatikana na mradi ukafa. Hata hivyo alifika Visby, katika kisiwa cha Gotland, ambako mfululizo wa televisheni wa Pippi ulikuwa umepigwa picha. Miaka mingi baadaye, matayarisho ya Kiki yalipoanza, timu ya filamu ilikwenda Uswidi na kamera zao, wakapiga picha Stockholm na Visby. Mtu aliyewahi kutembea katika miji hiyo miwili akitazama filamu huzitambua kona zake: mapaa yaliyobanana na bahari nyuma yake, vijumba vya mitaa midogo, barabara ndefu nyembamba yenye maduka huku na huku.

Nataka nikae kidogo Visby, maana historia yake inafundisha zaidi kuliko uzuri wake.

Katika karne ya 12 na ya 13 Visby ilikuwa moja ya bandari tajiri za Bahari ya Baltiki. Manyoya na nta kutoka Novgorod, Urusi, vilipita hapo kwenda Lübeck na magharibi, na wafanyabiashara wa Kijerumani wa muungano wa Hansa walijenga hapo maghala ya mawe na makanisa kwa wingi ambao mji mdogo hauhitaji. Wakajenga na ukuta. Bado upo, una urefu wa kilomita tatu na nusu hivi, pamoja na minara yake. Mgeni hudhani ulijengwa kuwazuia maadui wa kutoka ng'ambo, na ndiyo, ulikuwa na kazi hiyo. Lakini uliwatenga pia wakulima wa kisiwa hicho hicho, waliokuwa washindani wa wafanyabiashara wa mjini. Mwaka 1288 mji na shamba walipigana vita kamili.

Mwaka 1361 mfalme Valdemar wa Denmark alishuka Gotland na jeshi lake. Wakulima walisimama mbele ya ukuta wakapigana. Watu wa mjini walikaa ndani. Wakulima wapatao 1,800 waliuawa nje ya lango, kisha mji ukamfungulia mfalme. Makaburi ya halaiki yalipochimbuliwa katika karne ya 20, mifupa mingi ilikutwa bado imevaa kofia na fulana za vikuku vya chuma, kwa kuwa miili ilikuwa imelala juani kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuivua. Miongoni mwake ilikuwamo mifupa ya vijana wadogo na ya wazee.

Biashara ikahama. Mwaka 1525 watu wa Lübeck, ndugu zao wa zamani katika Hansa, waliushambulia mji na kuchoma sehemu yake. Makanisa yakabaki magofu, na magofu hayo yapo hadi leo katikati ya mji, mawaridi yakipanda kuta zake. Tangu hapo Visby ikawa mji fukara. Na ufukara ndio uliouhifadhi. Katika karne ya 19 miji yenye fedha barani Ulaya ilikuwa ikibomoa kuta zake ili kupitisha barabara pana. Vienna iliamua hivyo mwaka 1857. Visby haikuwa na haja wala uwezo. UNESCO ilipouingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1995, miaka sita baada ya filamu, ilikuwa inausifu mji kwa jambo ambalo wakazi wake wa zamani wangeliita bahati mbaya. Na Lübeck, iliyokuwa tajiri zaidi na yenye nguvu zaidi, ilichomwa na ndege za Uingereza mwezi Machi 1942.

Stockholm ilisalimika kwa njia nyingine. Uswidi ilijitangaza kuwa haina upande katika vita, na haikuvamiwa. Mabomu yaliyoangushwa na ndege za Kisovieti mwezi Februari 1944 yalikuwa machache na hayakuubadilisha mji. Lakini kutokuwa na upande kulikuwa na gharama, na gharama hiyo walilipa wengine. Madini ya chuma ya Uswidi yaliendelea kwenda katika viwanda vya Ujerumani, na kati ya 1940 na 1943 treni zilizobeba askari wa Kijerumani ziliruhusiwa kupita katika reli za Uswidi kwenda na kutoka Norway iliyokuwa imetekwa. Ninaposema Koriko imejengwa kwa mawe ya miji iliyosalimika, sisemi mawe hayo yote ni safi.

Tena mji uliookoka vita unaweza kubomolewa na wenyewe. Mji mkongwe wa Stockholm, Gamla Stan, umekaa juu ya kisiwa. Kuna kichochoro chake kimoja, Mårten Trotzigs gränd, ambacho mahali pembamba kabisa kina upana wa sentimita 90, na mtu mzima akinyoosha viwiko anagusa kuta zote mbili. Mwaka 1862 alitokea mtu, A. E. Rudberg, na ramani ya kubomoa karibu kisiwa kizima na kukijenga upya kwa mitaa iliyonyooka. Haikutekelezwa. Ng'ambo ya maji, mtaa wa Norrmalm haukuwa na bahati hiyo. Kuanzia miaka ya 1950 serikali ya jiji ilibomoa majumba kwa mamia ili kupisha ofisi, maegesho na majengo matano marefu ya Hötorget. Nchi ambayo haikupigwa bomu ilikuwa ikijipiga nyundo.

Kisha mwaka 1971, mwaka ule ule wa safari ya Miyazaki, ikatokea habari iliyotikisa siasa za jiji. Kulikuwa na miti 13 mikubwa katika bustani ya Kungsträdgården, likakatwa shauri kwamba iangushwe ili kupisha mlango wa kituo cha treni za chini ya ardhi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei wafanyakazi walipofika na misumeno, walikuta watu. Wengine walipanda juu ya matawi, wengine walikumbatia mashina, polisi wakaja na farasi na mbwa. Alama za misumeno ziliingia katika magome, lakini miti ikabaki. Baada ya hapo kasi ya kubomoa katikati ya Stockholm ilipungua sana. Sidai kwamba Miyazaki aliisoma habari hiyo magazetini. Ninachosema ni kwamba Stockholm iliyopigwa picha na timu ya Ghibli haikuwa imebaki yenyewe tu. Sehemu yake iliachwa kwa sababu watu walikataa.

Vyanzo vingine nitavipitia haraka. Wachoraji walichanganya vionjo vya Lisbon, Paris na San Francisco, na ndiyo maana Koriko ina mteremko mkali na mwanga ambao haufanani na wa Baltiki. Miyazaki aliwaza mji ambao upande mmoja unatazama Mediterania na mwingine kaskazini, jambo lisilowezekana katika jiografia. Mashabiki wameongeza ya kwao. Katika kijiji cha Ross, Tasmania, kuna duka la mikate ambalo kwa miaka mingi limepokea wageni kutoka Japani wanaoamini kwamba ndilo la Osono, na studio haijawahi kulithibitisha. Siwalaumu. Mtu akiupenda mji usiokuwapo, atautafuta popote penye tanuri na ngazi ya mbao.

Kinachonishika zaidi mimi ni vitu vidogo. Kiki anapoingia katika chumba chake cha kwanza, sakafu imefunikwa vumbi jeupe la unga wa ngano, na anapotembea nyayo zake zinabaki. Asubuhi anatakiwa ashuke ngazi na kuvuka uwanja kwenda chooni nje, na anajificha kwa haya mwokaji asimwone na nguo za kulalia. Halafu kuna yule bibi mwenye nyumba kubwa aliyetaka kumpelekea mjukuu wake pai ya samaki. Jiko la umeme linagoma. Kiki anauliza kuhusu tanuri la zamani lililojengwa ukutani, anakwenda kuleta kuni, anawasha moto jinsi alivyoona nyumbani kwao, na pai inaiva. Tanuri hilo halitumiki, lakini hakuna aliyelibomoa. Lipo kwa kuwa nyumba ipo, na nyumba ipo kwa kuwa hakuna bomu lililoigusa. Katika mji uliojengwa upya mwaka 1950 Kiki angekuta jiko la umeme tu, na pai isingeiva. Mjukuu anaipokea pai mlangoni kwa uso mkavu, anasema hapendi pai za bibi yake. Miyazaki hakudai kwamba mji uliookoka huwa na watu wenye shukrani.

Wala Koriko haimpokei Kiki kwa mikono miwili. Anakaribia kugongana na basi, polisi anamkaripia, wapita njia wanamtazama na kuendelea na yao. Filamu ilitengenezwa huku Japani ikiwa kwenye kilele cha utajiri wake wa miaka ya 1980, na wasichana kutoka mikoani wakimiminika Tokyo kutafuta kazi na chumba cha kupanga. Miyazaki alisema wazi kwamba aliwawaza hao. Vazi la mji ni la Ulaya, lakini upweke wa jioni ya kwanza chumbani ni wa Tokyo.

Nina shaka moja, na lazima niitamke mbele ya hadhira ya Waafrika Mashariki. Ulaya isiyopigana mwaka 1939 ni Ulaya yenye makoloni yake yote. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Uingereza huku kwetu, waliochukuliwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani wasingekwenda, na wengi waliozikwa huko wangebaki makwao. Lakini vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoidhoofisha Uingereza na kuufupisha utawala wake huku kwetu. Bandari ya Koriko imejaa meli, na filamu haisemi zinatoka wapi. Kwa kisa cha binti wa miaka 13 sioni kosa. Kwetu sisi, kuutazama mji huo bila kuuliza swali hilo kungekuwa ni kuazima ndoto ya mtu mzima mzima.

Namalizia na mtu ambaye jina lake halitajwi vya kutosha. Kiki haikukusudiwa iongozwe na Miyazaki. Aliyepangiwa ni Sunao Katabuchi, kijana aliyezaliwa mwaka 1960. Mambo yakabadilika, Miyazaki akashika usukani, Katabuchi akabaki kuwa msaidizi wa mwongozaji. Mwaka 2016 Katabuchi alitoa filamu yake, In This Corner of the World, kutokana na hadithi ya picha ya Fumiyo Kouno. Ni kisa cha kabla na wakati wa vita, cha msichana wa Hiroshima anayeolewa mji wa Kure, na sehemu ya gharama za kuianzisha ilichangwa na watu wa kawaida zaidi ya 3,000.

Mwanzoni mwa filamu hiyo msichana Suzu, bado mtoto, anatumwa kupeleka mzigo katika mtaa wa Nakajima, Hiroshima. Ni Desemba, mitaa imejaa watu, madirisha ya maduka yamepambwa. Mtaa huo haupo. Palipokuwa na maduka hayo leo ni Bustani ya Amani. Katabuchi na wenzake waliusanifu upya duka kwa duka, kwa picha za zamani na kwa kuwauliza wazee waliowahi kuishi pale: kibao cha kinyozi kilikuwa upande gani, nani alisimama mlangoni. Suzu anauegemeza mzigo wake kwenye ukuta wa duka la nguo la Taishoya ili aukaze vizuri mgongoni. Jengo hilo ni miongoni mwa machache sana yaliyobaki yamesimama hapo baada ya tarehe 6 Agosti 1945, na sasa ni mahali pa kupumzikia wageni wa bustani.

Basi katika filamu zote mbili msichana anapeleka mzigo katika mji uliochorwa kwa mkono. Miyazaki alichora mji ambao haujawahi kuwapo, kwa picha za miji iliyopo. Katabuchi alichora mji uliokuwapo, na hakuwa na uhuru wa kusogeza hata dirisha moja, maana wapo waliokumbuka dirisha hilo lilikuwa wapi. Waandaaji wa mihadhara hii wakikubali, ningependa tuzitazame hapa kwa jioni mbili mfululizo, Koriko kwanza. Sasa nayapokea maswali yenu.